Nyumba ya Sultani, Noeli ya Hamburg na Sisi Watu wa Uvira



Mwezi wa kumi na mbili ukifika, katika familia nyingi za kwetu watu wanakumbuka ukoo. Wale wa Bukavu wanashuka, wale wa Bujumbura wanavuka mpaka pa Kavimvira, mukeke inachomwa, na mvua inapiga mabati. Basi mzee mmoja anatoa kaye yake na kuanza kusoma: fulani alizaa fulani, fulani naye alizaa fulani. Kama ukoo una damu ya mwami, kaye inakuwa ndefu zaidi. Lakini sikiliza vizuri: jina la mwanamke hata moja halimo. Nani alipika siku ile mwami alipotawazwa? Watoto walilala wapi? Kaye inanyamaza kabisa.

Njo maana nataka kuongea hapa juu ya kitabu kimoja cha mtu aliyeandika historia ya familia yake ya kifalme kwa namna nyingine. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar. Zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kwa jina lake la ubatizo, Emily Ruete. Mimi nimezisoma kwa Kifaransa, na sehemu zake nimezisoma pamoja na wanafunzi wangu wa sekondari.

Kwanza tumjue mwandishi. Salme alizaliwa mwaka 1844 ku Beit il Mtoni, jumba la baba yake kando ya bahari. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa utumwani akiwa mtoto. Baba alikufa baharini mwaka 1856. Mwaka 1866 Salme alikimbia kwa meli ya Waingereza mpaka Aden, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walikwenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 bwana yake alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, mbali na ndugu zake wote. Yeye mwenyewe anasema kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wale watoto, ili wajue mama yao alitoka wapi. Kwa hiyo ni mwanahistoria wa familia kweli, kama wazee wetu wa kaye.

Uzuri wa kitabu ni huu: anatuingiza ndani ya nyumba. Tunaona uwanja wa Beit il Mtoni wenye swala na tausi, na watu zaidi ya 1000 kwa hesabu yake. Tunamwona Sultani si katika kiti cha enzi, bali akitembea barazani peke yake, kichwa chini, akichechemea kwa sababu ya risasi ya zamani. Tunaona masuria wakigombana, na watoto wakisoma Korani. Tunaona Salme mwenyewe akijifundisha kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na sikukuu! Siku za Idd anazieleza kwa furaha kubwa: mizinga inapigwa, hina, nguo mpya, zawadi kwa kila mtu wa jumba. Mwalimu wa historia akisoma kurasa zile anatamani wazee wetu wa Lemera na wa Uvira wangeandika hivyo juu ya nyumba za bami wetu.

Lakini kusifu tu si kusoma. Niseme sasa kile kinachonisumbua.

Usisahau kwamba kurasa zile za Idd ziliandikwa katika baridi. Mjane yule alikaa Ujerumani, ambako sikukuu kubwa ya watoto wake ni Noeli ya theluji, milango imefungwa na moto unawaka ndani. Kutoka mule alikumbuka jua la utoto wake. Mtu aliye mbali na kwao anaweka sukari mingi mu chai yake. Sisi ambao tumepita wakimbizini tunajua hivyo. Tena mwaka 1885 alikuwa amerudi Zanzibar akitafuta urithi wake, na kaka yake Sultani Barghash alikataa. Kitabu kilichotoka mwaka uliofuata kina upendo, kina pia madai. Msomaji avijue vyote viwili.

Kuna pahali anapojibu Wazungu wanaosema kwamba watu wa kwao ni wavivu. Anasema, kwa kifupi, kwamba kule kaskazini baridi inamlazimisha mtu kufanya kazi: kuni, nguo nzito, akiba ya chakula, lakini kusini mahitaji ni kidogo, watu wanaweza kupumzika. Niliposoma hayo darasani, wanafunzi walicheka. Mmoja, ambaye mama yake anauza ndagala ku Kalundu, akasema: «Prof, mama yangu anaamka saa kumi ya usiku, na hapa hakuna theluji.» Alisema kweli. Watu wa jumba hawakupumzishwa na jua. Walipumzika kwa sababu wengine walibeba maji, walitwanga, walichuma karafuu. Wale wengine walikuwa watumwa.

Juu ya utumwa Salme ana sura nzima, na njo sura mbaya kuliko zote. Anautetea. Anasema utumwa wa kwao haufanani na ule wa Amerika, anawalaumu Waingereza kwa haraka yao ya kuukomesha, na juu ya watu weusi anaandika maneno ya dharau. Binti wa mama aliyeletwa utumwani! Mwanafunzi mwingine akauliza: «Prof, na sisi tuko wapi mu hii buku?»

Swali lile lilinizuia kulala. Kwa maana sisi tumo, ila bila jina. Mwezi wa nne mwaka 1858 Burton na Speke walifika hapa Uvira kwa mitumbwi. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa soko kubwa la kaskazini mwa ziwa: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Kutoka hapa mali ile ilishuka ziwa mpaka Ujiji, kisha kwa miguu Tabora, mpaka pwani ya bahari ya Zanzibar. Salme wakati ule alikuwa na miaka 13, na shamba la urithi wa baba yake. Sisemi kwamba mtu fulani wa Uvira alipika Idd ya Salme. Nasema njia ilikuwa moja, na kitabu kimeandika mwisho mmoja tu wa njia.

Wengine watanijibu: mwalimu, unamhukumu mtu wa zamani kwa akili ya leo. Hapana. Mwaka 1873 kaka yake Barghash alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Ubishi ulikuwepo wakati wake, naye alichagua upande.

Tuangalie ng'ambo ya ziwa tupate mfano mwingine. Burundi walikuwa na umuganuro, sikukuu ya mtama, ambapo mwami alionja mavuno ya kwanza na ngoma Karyenda ikatolewa. Ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Wabelgiji na wamisionari. Lakini kumbukumbu yake haikufa, kwa sababu koo za wapiga ngoma zililinda kazi yao, mpaka mwaka 2014 UNESCO ikaandika ngoma ile katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Pale sikukuu ya mfalme ilikumbukwa pia na mikono iliyoihudumia. Kitabu cha Salme kinakosa mikono ile.

Basi tukisoke? Hata kidogo. Tukisome, tena tukiige katika mazuri yake. Salme aliandika, njo maana tunaweza kumbishia leo. Kaye ya mjomba wangu ilichukuliwa na maji ya Mulongwe katika mafuriko ya mwezi wa nne 2020. Na yeye hakuna mtu tena wa kumbishia wala kumkumbuka.

Kwa hiyo, mzee wangu, Noeli hii na Bonane ukifungua kaye mbele ya watoto, weka baba zako na bami zako, ni haki yao. Kisha muite bibi aliye jikoni, umuulize mama yake aliitwa nani, na nani alifanya kazi katika ile nyumba kubwa bila kulipwa. Andika na hayo majina. Halafu mpe mtoto mmoja kaye ya pili ainakili, aipeleke mbali na mto.