Mwezi Unaoruka kwenye Skrini

Kamera ya kumwonyesha mtoto mbingu haichaguliwi kwa uzuri wa picha zake. Wauzaji husema kinyume, na wengi wetu tunaopenda darubini hupima kamera kwa picha ya mwisho, ile iliyorundikwa na kusafishwa usiku kucha. Mtoto wa Mangobo au wa Lubunga, hapa Kisangani, hana haja nayo. Picha kama hizo zimejaa kwenye simu ya kaka yake. Anachohitaji ni kusadiki kwamba kinachoonekana kwenye skrini kiko juu ya paa lao sasa hivi. Ndiyo maana, kabla ya maelezo yoyote, namwambia aguse mrija wa darubini kwa kidole kimoja. Mwezi mzima unaruka. Hapo hapo anajua kwamba haoneshwi video.

Julai 1969 mamilioni ya watu walikaa mbele ya televisheni wakitazama picha hafifu sana. Kamera ya Westinghouse iliyokwenda na Apollo 11 ilituma mistari 320, picha 10 kwa sekunde, nyeusi na nyeupe. Hawakubanduka, kwa sababu jambo lilikuwa likitendeka saa ile ile. Kamera ndogo ya leo, inayotoshea kiganjani, hutoa makumi ya picha kwa sekunde tena kwa rangi, na kasi hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza. Mtoto anapozungusha kirekebishi ili picha ikolee, skrini lazima iujibu mkono wake papo hapo. Ikichelewa hata sekunde moja, anapita mahali penyewe, anarudi, anapita tena, kisha anamwachia mtu mzima kazi yote.

Baada ya kasi huja ukubwa wa kihisi, na hapa kuna hesabu inayofaa kujulikana. Mvuvi wa jamii ya Wagenia hapa kwetu hashushi kikapu chake kabla ya kuyasoma maji ya maporomoko. Kamera nayo ichaguliwe baada ya kuisoma darubini. Gawanya urefu wa fokasi kwa 110, utapata upana wa taswira ya Mwezi. Darubini ya milimita 900 hutoa Mwezi wa milimita 8 hivi. Kihisi cha Sony IMX462, kilichomo ndani ya kamera nyingi za bei nafuu, kina milimita 5.6 kwa 3.2, kwa hiyo kitaonyesha kipande tu. IMX533, cha mraba wa milimita 11.3, huumeza Mwezi wote, ila bei yake ni mara kadhaa. Sisi watu wazima tunapenda mashimo na milima yake, tukasahau kwamba mtoto hutaka kwanza kuuona Mwezi mzima, ule anaoujua. Kwa hiyo, mwenye kihisi kidogo aongeze lenzi ya kupunguza, ile inayofungwa mbele ya kamera, na atumie darubini fupi ya milimita 400. Kwa sayari mambo hugeuka: Mshtarii, yaani Jupita, hauzidi robo ya milimita kwenye darubini ile ya 900, na kihisi kidogo chenye pikseli ndogo kinautosha kabisa.

Kuna jaribio moja ambalo kwetu lina uzito wa pekee, maana kifaa kilichoagizwa kutoka mbali hadi Kisangani si rahisi kukirudisha. Darubini nyingi za kioo za aina ya Newton hukusanya taswira ndani mno, kamera isiweze kuifikia. Toa lenzi ya jicho, elekeza darubini kwenye Mwezi, ingiza shingo ya kirekebishi hadi mwisho, kisha shika karatasi nyembamba mdomoni pake. Mwezi ukikolea kwenye karatasi nje ya mdomo, kwa upana wa vidole viwili au zaidi, kamera itafika. Usipotoka nje, utahitaji lenzi ya Barlow, inayoisogeza taswira nje. Karatasi ya daftari inatosha kwa kazi hiyo.

Mji wetu uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini imelala upeoni, nyuma ya miti, na vishikio vingi vya darubini vinavyotegemea ncha ya mbingu haviwezi kuinama kiasi hicho. Chukua kishikio cha juu-chini na kushoto-kulia. Bila mota, Mwezi husogea kwa upana wake mwenyewe kila dakika mbili, ukatoka kwenye skrini, na mtoto huuliza nani anausukuma. Kwa swali hilo peke yake ningeacha mota ikae dukani kwanza. Itahitajika baadaye kwa Nebula ya Orioni, inayopita karibu na utosi wetu Desemba na Januari: hapo programu hurundika picha za sekunde chache chache, na rangi ambazo jicho halizioni hujitokeza.

Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, usihuzunike, nyota huongezeka. Kamera isiyo na kipoza hupata nguvu kutoka kwenye kompyuta yenyewe, basi achana na zile zinazodai volti 12. Fedha zikipungua, nunua kishikio cha simu cha kufunga kwenye lenzi ya jicho badala ya kamera duni ya pikseli 640 kwa 480. Jua lisiguswe bila kichujio kinachofunika mdomo wote wa darubini: kamera huungua, jicho hupofuka.

Halafu mpe mtoto kitelezi cha muda wa mwanga kwenye programu ya kamera. Akikipandisha kwenye Mshtarii, sayari yenyewe huwa doa jeupe na miezi minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610 hutokeza pembeni. Akikishusha, miezi hupotea na mikanda ya mawingu hujichora. Apige nukta daftarini, arudi baada ya saa mbili: Io, unaomaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, mara nyingi utakuwa umesogea. Watoto niliowaona wakikishika kitelezi hicho huanza na miezi, wakihesabu kwa sauti, na mikanda huijia baadaye.