Harusi Isiyo na Kamati

Nahodha aliukataa ufukwe wa kwanza kabla hata hajashuka kwenye pikipiki. Mimi nilikuwa nimeshatoa kamera. Minazi miwili imeinamia baharini, mchanga mweupe, wala hapakuwa na mtu. Nikamwambia, "Mzee, hapa pazuri." Akaitazama ile minazi juu, si bahari. "Umewahi kuona nazi ikidondoka, mwanangu?" Akamgusa dereva begani, tukaendelea.

Tulikuwa Ushongo, kusini ya Pangani, tukiwatafutia mahali watu wawili wa Dar es Salaam waliokuwa wameamua kuoana bila ukumbi. Hawakuunda kamati, hawakukaa vikao, hawakusambaza kadi za michango wala kufungua lile kundi la simu ambalo mjomba huahidi laki tatu mbele za watu kisha hatoi wala haonekani. Wangefunga ndoa bomani, mbele ya msajili na mashahidi wawili kama sheria inavyotaka, halafu wangekwenda mahali fulani nje, penye hewa, kuambiana yale ambayo ofisini hayasemeki. Mimi kazi yangu ilikuwa picha. Kazi ya kuchagua mahali nilidhani pia ni yangu, hadi nilipokutana na mzee yule.

Harusi nimezipiga picha miaka kumi na moja, karibu zote kumbini, na ukumbini mahali hapachaguliwi kwa maana yoyote ya kweli. Unakodi, unakuta viti vimevalishwa vitambaa, taa za rangi zinazunguka, MC ananguruma kwenye maiki. Yote mengine hufanywa na watu. Shangazi ndiye anayelia, akina mama ndio wanaopiga vigelegele pale kimya kinapotaka kuwa kirefu, wazee wa safu ya mbele ndio wanaokaza macho ili maneno yaliyosemwa yasije yakakanwa kesho. Ondoa watu hao wote uone kinachobaki. Hubaki wawili wamesimama, mikono hawajui waiweke wapi. Ndiyo maana nasema kuchagua mahali pa harusi ya namna hii ni ufundi: mahali hapo panapewa kazi za shangazi.

Lugha yetu yenyewe haijalizoea jambo hili. Ukisema vijana wametoroshana, msikilizaji husikia faini, wazee waliokasirika, na mahari yanayolipwa kwa kuchelewa na kwa aibu. Waliotoroka hawachagui mandhari. Wanachagua basi la usiku. Hata kule Uingereza ambako kutoroka kuoana kulipata sifa, hakuna aliyefuata uzuri. Sheria ilipokazwa mwaka 1754, vijana wasio na ridhaa ya wazazi walikimbilia Scotland, na kijiji cha Gretna Green kikawa maarufu kwa sababu tu kilikuwa cha kwanza baada ya kuvuka mpaka. Waliozwa kwenye fuawe la mhunzi. Mwaka 1856 Bunge likadai mmoja wao awe ameishi Scotland siku 21, na mbio zikapoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo kwetu si rahisi kuoa kwa pupa. Una wiki tatu za kutembea ukitazama.

Wiki zetu mbili za kwanza niliziharibu mimi. Niliwapeleka Irente, ng'ambo ya mji wa Lushoto, kwenye mwamba ambao ukisimama unaiona nyika ya chini ikiwa imetandazwa karibu mita 1,000 chini ya viatu vyako. Hakuna mpiga picha asiyepapenda. Bi harusi akajaribu kusoma mstari mmoja wa aliyoandika, na bwana harusi, hatua mbili tu kutoka kwake, akaweka mkono sikioni. Upepo ulikuwa unapanda ule ukuta wa mlima na kuyabeba maneno kabla hayajafika. Tena walikuwa wanatazamana nusu nusu; jicho moja kwa mwenzie, jicho moja kwenye shimo. Picha zilitoka nzuri mno. Nikazifuta zote isipokuwa moja.

Baadaye bwana harusi akapendekeza lile fungu la mchanga mbele ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa sababu linaitwa Nakupenda. Jina gani tena linalotafutwa? Lakini jina hilo hilo huleta boti baada ya boti za watalii, na miavuli, na sahani za kamba wa kuchoma, na muziki wa kila boti. Ukitaka kusema nakupenda pale, utapanga foleni.

Ndipo mtu akatuambia tumwone nahodha wa Ushongo. Nilitarajia atatutajia pwani nzuri. Yeye, baada ya kuikataa ile minazi, akauliza tarehe. Tukamwambia Jumamosi, saa nne asubuhi, Kisiwa cha Maziwe. Akahesabu kwenye viungo vya vidole, akatikisa kichwa. "Jumamosi hiyo maji mafu. Saa nne kisiwa kitakuwa cha mkeka."

Maziwe ni hifadhi ya bahari, mbele ya Ushongo. Wazee wanaikumbuka ikiwa na mivinje. Leo ni mchanga mtupu, na maji ya bamvua huumeza wote. Kwa hiyo anayechagua Maziwe hachagui mahali, anachagua saa, na anayechagua saa ya bahari anachagua mwezi wa angani. Nahodha alinichorea hayo chini kwa kijiti, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Bamvua ni mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo, pwani yetu, maji hujaa hadi mwisho kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa hadi mwisho kwenye saa nne. Kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata mwezi ukifika nusu mambo yamegeuka, na saa nne ya asubuhi ndiyo saa ya maji kujaa, ingawa kwa unyonge; hayo ndiyo maji mafu.

"Basi tuje bamvua," nikasema, nikijiona nimefaulu mtihani.

Hapana. Bamvua kisiwa kinakuwa kikubwa saa nne, na saa nne jua la kwetu limeshafika juu. Huku karibu na ikweta halipandi kwa mshazari likitusubiri; linapanda wima, na ikipita saa tatu nyusi zinaanza kuweka kivuli ndani ya macho. Hilo nalijua kuliko yeye, lakini sikuwa nimewahi kulipigia hesabu na maji. Yeye akarudi nyuma siku mbili. Mwezi ukiwa wa siku kumi na mbili, maji yatapwa kwenye saa mbili na ushei, mchanga utakuwepo, jua litakuwa bado la ubavuni. Na iwe mwisho wa Oktoba, tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijaamka. Tukafungua kalenda ya simu. Jumanne.

"Nani anaoa Jumanne?" akauliza bwana harusi.

"Asiye na wageni," akajibu mzee.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikiwa kumbini Jumamosi. Sisi wengine tunaamini ukishawaondoa watu umepata uhuru, kumbe umebadilisha tu wa kumtii. Kamati ingeweza kusogezwa kwa soda na maneno matamu. Mwezi hausogezwi.

Kisha kulikuwa na jambo la mgongo. Nahodha ndiye aliyelitumia neno hilo, nami nimelichukua liwe langu. Mtu akisimama katikati ya uwazi mtupu, alisema, mwili wake hautulii. Unageuka geuka kama mbuzi aliyefungwa uwanjani. Lazima nyuma yake pawe na kitu: kichaka, mwamba, ukuta wa gofu. Nikamkumbusha kwamba Maziwe haina hata kichaka. "Mgongo tutakwenda nao." Sikumwelewa hadi siku yenyewe.

Tulitia nanga kabla ya saa mbili. Hatukuruhusiwa kushuka. Nahodha alishuka peke yake, akauzunguka mchanga wote akiwa ameinama, na niliposhika kamera nikidhani anatafuta mandhari, baharia wake kijana akaniambia anatafuta njia za kasa. Kasa hupanda pale kutaga, na mayai yao huhamishiwa Ushongo kwa sababu maji yangeyafunika. Alipoona hakuna alama, akaanza kuukanyaga mchanga kwa kisigino. Ule wa juu, mkavu, humeza mguu, na bi harusi angetembea kama mtu anayepanda ngazi. Ule wa chini bado unavuja. Akapata mshipi wa katikati, mchanga ulioachwa na maji kitambo kidogo, mgumu na baridi, akatuita kwa mkono.

Halafu wakaivuta mashua, wakailaza ubavu, wakaliacha tanga limeshuka nusu. Hapo nikauona mgongo. Kitambaa kile cha marekani, kilichotiwa viraka sehemu nne, kiliwazibia upepo mdogo uliokuwepo na kuurudisha mwanga kwenye nyuso zao kuliko kiakisi chochote nilichowahi kununua. Mdogo wake bi harusi, ndugu pekee aliyekuja, alikaa kwenye ukingo wa mashua. Tulikuwa watu sita. Nahodha akasimama hatua kumi kutoka kwao, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto aliyelala, "Mnanisikia?" Wakaitika kwa kichwa. Akaridhika.

Kitu cha mwisho alichofanya ni kuuchomeka upondo mchangani, upande wa chini. "Maji yakifika hapa, tunaondoka. Si mimi ninayesema, ni bahari."

Bwana harusi alisema yake kwa dakika mbili. Bi harusi alikuwa na karatasi tatu, pande zote mbili. Alisoma polepole, akasita, akarudia, akacheka, akafika mahali pa mama yake ambaye hakuwa amekubali kuja, na hapo sauti ikakatika akanyamaza muda mrefu. Hakuna aliyepiga kigelegele kukifunika kimya kile. Kulikuwa na maji tu yakirudi kwenye mchanga, na tanga likigonga mlingoti taratibu.

Nilishusha kamera. Maji yalikuwa yameshafika kwenye upondo na kuuzunguka, naye bi harusi alikuwa bado kwenye karatasi ya pili. Nikamtazama nahodha. Akausogelea bila kutikisa maji, akaung'oa, akapanda nao hatua tatu, akauchomeka tena.