Ukitaka Ukuta Hai, Anza na Kaiyaba

Barabara inayopanda kutoka Nakuru kupitia Dundori kwenda Ol Kalou inaliacha joto la bonde na kuingia nchi ya waru, ng'ombe wa maziwa na baridi ya asubuhi inayouma vidole. Tazama mipaka ya mashamba. Pale ambapo mwenye shamba hakuweka seng'enge wala saipresi, utakuta kaiyaba, mti wenye asili ya Mto Kei huko Afrika Kusini, ambao wataalamu wanauita Dovyalis caffra. Majani yake ni mazito, kijani kibichi. Miiba yake imenyooka, na ile mirefu inafika urefu wa kidole. Mwizi wa ng'ombe anaweza kukata seng'enge kwa koleo usiku mmoja. Kaiyaba iliyokomaa itamchukua mpaka kupambazuke, na nguo atakuwa ameziacha humo.

Wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika, ule mtindo wa kukaa mezani na kete ulioingia madukani Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, wanapenda sana teknolojia yenye uhai: ngome inayojiziba nyufa, merikebu inayopumua, upanga unaohitaji kulishwa. Vijana wa Kenya wanaobuni dunia zao nao wamo. Lakini mara nyingi msimamizi wa mchezo hutamka tu kwamba ukuta huu uko hai, kete zikarushwa, na kuanzia hapo ukuta unatenda kama mawe. Hauna umri, hauna njaa, haumsumbui mtu. Kwangu mimi huo ni uvivu, na dawa yake iko Dundori.

Fundi wa ua anaanza na miche kutoka kitalu cha kando ya barabara, mvua za masika zikishaloweka udongo. Anavuta kamba, anachimba mistari miwili na kupanda kwa kupishanisha, mche wa mstari wa pili ukitazama nafasi iliyo kati ya miche ya kwanza. Mwenye shamba hufurahi kuona miche ikirefuka. Fundi hafurahii. Mche ukifika magotini anaukata kichwa, na hapo ndipo wateja wengi hupiga kelele. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi ya pembeni, chini kabisa, na ua wa kuzuia kuku na mbwa hujengwa chini. Ukiuacha urefuke kwanza, utapata msitu juu na milango chini.

Miaka inayofuata ni ya kukata na kungoja. Panga linakwenda kwa mwinamo, kitako cha ua kikiachwa kipana kuliko juu, ili jua lifike hadi majani ya mwisho. Ua mpana juu hujitia kivuli na kukauka miguu. Kisha fundi anachutama upande mmoja na kutafuta mwanga unaopenya kutoka upande wa pili. Palipo na mwanga pana pengo. Hapo hachomeki kijiti kikavu. Anachagua tawi changa la mti ulio kando ya pengo, analilaza polepole lisivunjike, analisuka katikati ya mengine na kulifunga kwa kamba mpaka likubali. Tawi hilo litatoa machipukizi yake, na pengo litazibwa na mti wenyewe. Kwa kazi hii mikono ya fundi imejaa makovu madogo meupe, na ukimwuliza ua utakuwa tayari lini anajibu kwa misimu ya mvua.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona katika ngome yoyote ya kubuniwa: kaiyaba ina mti dume na mti jike. Majike ndiyo huzaa yale matunda ya manjano, makali kwa uchachu, yanayofaa jamu na yanayopendwa na watoto wasiojali meno yao. Ila ua unaopogolewa sana hauzai sana. Mwenye shamba lazima aamue anataka ulinzi au anataka matunda, na uamuzi huo peke yake unatosha kuanzisha kisa cha jioni nzima mezani.

Halafu kuna gharama. Mizizi haisomi hati ya shamba. Mistari ya waru iliyo karibu na ua hudhoofika, kwani maji na rutuba vimeshanyonywa. Upande wa jirani nao hunenepa kila mwaka. Nani aukate, na matawi yakiangukia kwake ni kuni za nani? Seng'enge haijawahi kuzua kesi ya aina hiyo.

Afrika Mashariki ina mifano mingine ya kuazima. Wachaga hupanda masale mipakani, na jani la sale hutumika pia kuomba msamaha, kwa hiyo mmea mmoja ni mpaka na ni suluhu. Wamijikenda walificha makazi yao ndani ya misitu minene ya kaya, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Na kwa anayetaka mfano wa kwenye kitabu, Nnedi Okorafor katika Binti, ya mwaka 2015, aliwasafirisha wahusika wake angani ndani ya kiumbe hai cha jamii ya kamba wa baharini, chenye vyumba vya mimea ya kuwatolea hewa. Merikebu ile inaaminika kwa sababu ina mwili na mahitaji yake.

Kwa hiyo wewe unayechora ramani ya dunia yako, ukifika kwenye ukuta hai andika kwanza nani huukata, kwa msimu gani, na shamba la nani linakosa maji kwa ajili yake. Nguvu za kichawi ziandike baadaye. Na kama una shamba la kweli linalohitaji ua, agiza miche mapema, maana mvua za Machi zikianza vitalu huishiwa haraka.