Mteremko wa Galileo: Jinsi Mchapuko Ulivyopimwa

Kasi ni umbali ambao kitu hupita katika kipimo kimoja cha muda. Kasimwelekeo ni kasi hiyo hiyo ikitajwa pamoja na upande ambako kitu kinaelekea. Na mchapuko ni kiwango ambacho kasimwelekeo hubadilika kadiri muda unavyopita, iwe kwa kuongezeka, kwa kupungua au kwa kugeuka upande. Mwanzoni mwa karne ya 17 hapakuwa na chombo cha kusoma kasi ya kitu papo hapo, sembuse mabadiliko yake, na kitu kinachodondoka wima kilifika chini upesi mno kisiweze kupimwa. Galileo Galilei, aliyekuwa akifundisha hisabati Padua, aliamua kuupunguza mwendo wenyewe.

Ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi ulichongwa mfuo mnyoofu wenye upana unaozidi kidole kimoja kwa kiasi kidogo tu, mfuo ukabandikwa ngozi nyororo ya kuandikia ili msuguano upungue, kisha ncha moja ikainuliwa kwa dhiraa moja au mbili na tufe gumu la shaba nyeusi likaachiwa libingirike. Muda ulipimwa kwa maji: chombo kikubwa kilitoa maji kupitia bomba jembamba, maji hayo yakakingwa katika bilauri tangu tufe lilipoachiwa hadi lilipofika, kisha yakapimwa kwenye mizani, na uwiano wa uzito ukachukuliwa kuwa uwiano wa muda. Ukubwa wa chombo hicho ndio ufundi wenyewe, kwani kina cha maji kilishuka kidogo sana na mtiririko ukabaki karibu sawa.

Tufe lilipopita robo ya ubao lilitumia nusu ya muda wa ubao mzima, maana yake umbali hukua kwa mraba wa muda. Muda ukigawanywa katika vipande sawa, na umbali wa kipande cha kwanza ukihesabiwa kuwa 1, vinavyofuata huwa 3, 5 na 7. Na kwa kuwa umbali wa kila kipande huonyesha kasi ya wastani ndani yake, nyongeza ya 2 isiyobadilika ni ushahidi wa mchapuko usiobadilika, uliopatikana bila kasi yenyewe kupimwa hata mara moja.

Kuielewa kanuni hiyo kulichukua muda mrefu zaidi. Katika barua ya 1604 kwa mwanazuoni Paolo Sarpi, Galileo alidhani kwamba kasi hukua kulingana na umbali uliopitwa. Ingekuwa hivyo, tufe lililotulia, ambalo halijapita umbali wowote, lisingekuwa na kasi ya kulianzishia mwendo. Kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638 kiliweka muda mahali pa umbali.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia kuhusu mteremko. Kwanza, upande wa mwendo haukubadilika, hivyo kasi na kasimwelekeo zilikwenda pamoja, tofauti na Mwezi, ambao huchapuka kila wakati kwa kuizunguka Dunia ingawa kasi yake hubadilika kidogo tu. Pili, tufe linalobingirika hutumia sehemu ya nishati yake kujizungusha, jambo linalopunguza mchapuko kwa kiwango kile kile mwanzo hadi mwisho, hivyo uwiano haukuharibika, lakini thamani halisi ya mchapuko wa kudondoka haikuonekana moja kwa moja kwenye mteremko; mwanasayansi Christiaan Huygens aliikokotoa kwa timazi inayobembea mwaka 1659.