Kontena la Parachichi Likishuka Kitonga

Parachichi aina ya Hass halilainiki likiwa mtini. Hukomaa, likaning'inia wiki kadhaa likiwa bado gumu, na siku linapochumwa ndipo saa yake inapoanza kwenda. Wakulima wa Tukuyu na Kilolo wanaijua saa hiyo. Ndiyo maana tunda likitoka shambani hukimbizwa chumba cha baridi, lipozwe hadi nyuzijoto 5 au 6 kabla ya kupakiwa. Kontena la friji halikuundwa kupoza tunda lenye joto la shambani. Kazi yake ni kutunza ubaridi ambao tunda limekuja nao. Na safari ni ndefu: kutoka Mbeya hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za lami, kisha bahari, kwenda Ulaya au China, ambako mlango ulifunguliwa kwa makubaliano yaliyosainiwa Novemba 2022 wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing.

Muda wote huo, nani anajua hali ya tunda lililo katikati ya kontena? Mashine ya friji ina kioo chake kwa mbele, na dereva akishuka kununua chai Mafinga hukitupia jicho: kimeandika 5, anaendelea na safari. Kinachopimwa pale ni hewa inayotoka kwenye mashine na ile inayorudi. Hewa hupita chini, kwenye mifereji ya sakafu, ikapanda kati ya masanduku na kurudi kwa juu. Masanduku yakipangwa vibaya, hewa hutafuta njia ya mkato. Matunda yaliyo upande wa milango yanaweza kuwa nyuzijoto 8 au 9 huku kioo kikiendelea kusema 5. Na parachichi hupumua: humo gizani linatoa joto lake lenyewe, na joto hilo likikosa pa kwenda huharakisha kuiva kwa majirani zake.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa vihisi visivyotumia waya. Kihisi chenyewe ni kitu kidogo: betri, redio na ncha ya chuma inayochomwa ndani ya nyama ya tunda. Kuvinunua si kazi. Kazi ni kuamua vikae wapi. Fundi mzuri huweka kimoja katikati ya rundo, pale ambapo baridi hufika mwisho, kingine karibu na milango, kingine safu ya juu. Huvipachika wakati masanduku yanapangwa, kwa sababu rundo likishafungwa mikanda hakuna anayelifungua tena. Baada ya hapo anafunga milango, na kuanzia hapo hawezi kugusa chochote.

Kisha kuna adui ambaye wengi hawamfikirii, yaani maji. Tunda limejaa maji, na mawimbi ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi, humezwa na maji kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bremen nchini Ujerumani, akina Walter Lang na Reiner Jedermann, walikutana na jambo hili walipofunga vihisi kwenye makontena ya ndizi: ishara ilififia ndani ya mzigo wenyewe. Dawa mojawapo ni kushuka chini ya gigahezi 1, ambako wimbi ni refu na hupenya vizuri zaidi. Nyingine ni kuvifanya vihisi vipokezane ujumbe, kama vijana wanavyorushiana matofali kwenye ujenzi wa shule, hadi umfikie mkusanyaji, kifaa kilicho karibu na ukuta, chenye antena nje ya bati na laini ya simu.

Ila kinachonivutia zaidi ni ukimya. Redio ikiwa macho inakula umeme maelfu ya mara zaidi kuliko kihisi kilicholala, kwa hiyo ufundi wote uko kwenye kulala. Kihisi huamka, hupima kwa kufumba na kufumbua, husema neno lake, hulala tena dakika 10 au 15. Ili vihisi vipokezane, lazima viamke pamoja, na baridi inaharibu miadi hiyo. Saa ndogo ya kwati iliyomo ndani hutengenezwa iende sawasawa kwenye nyuzijoto 25; ikiwa kwenye nyuzijoto 5 huchelewa zaidi ya sekunde moja kwa siku. Mwezi mzima baharini, hiyo ni nusu dakika, na redio inayofungua sikio kwa sehemu ndogo tu ya sekunde haitamsikia jirani yake kamwe. Hivyo kila ujumbe wa joto hubeba pia habari ya saa, na kila anayeupokea hujisahihisha kidogo. Yeyote aliyebuni hilo alikaa na tatizo lake muda mrefu.

Barabarani mtandao wa simu hukatika. Milima ya Kitonga ikiziba minara, mkusanyaji haachi kazi. Huandika kila kitu kwenye kumbukumbu yake, na mtandao ukirudi anatuma kwa mpangilio uleule. Madereva wa barabara hii wameshazoea mambo ya kufuatiliwa, maana mizigo ya kupita kwenda Tunduma hufungwa lakiri za kielektroniki za forodha zinazopiga kelele zikikatwa. Lakiri hulinda mlango tu. Hali ya tunda haiijui.

Mchoro wa joto la safari nzima unapomfikia fundi, ndipo unamwona mwenye uzoefu. Mistari ya joto la hewa ina vinundu vidogo vinavyojirudia kila baada ya saa kadhaa. Mgeni hushtuka. Fundi anajua hiyo ni mashine ikiyeyusha barafu yake, jambo la kawaida, na ncha zilizo ndani ya tunda hazikutikisika. Kisha anaona kitu kingine: lori lilipotoka baridi ya Iringa na kushuka takriban mita 1,000 hadi joto la Ruaha Mbuyuni, mstari wa mlangoni ulianza kupanda polepole na haukurudi hadi usiku. Hicho si kinundu. Anaandika namba za masanduku ya safu ile, na mnunuzi anaambiwa mapema kwamba hayo ndiyo ya kuuzwa kwanza meli ikifika, yaliyo katikati yasubiri.