Mizani ya Filamu ya Mateka wa Vita

Filamu ya mateka wa vita, yaani wanajeshi walioangukia mikononi mwa adui, haipimwi kwa wingi wa milipuko bali kwa jinsi utii wa mhusika unavyohama upande pasipo mwenyewe kutambua, na kwa kipimo hicho ni chache zinazoifikia The Bridge on the River Kwai, iliyoongozwa na David Lean mwaka 1957 na kupigwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka.

Kanali Nicholson, ofisa Mwingereza aliye mateka wa Wajapani, aliyeigizwa na Alec Guinness, anavumilia kufungiwa katika kibanda cha bati juani kwa kuwa Mkataba wa Geneva unakataza maofisa kulazimishwa kazi za mikono. Lakini daraja la reli ambalo Wajapani wanawajengesha mateka linapochelewa, ni yeye anayewaingiza maofisa haohao kazini, kisha anaingia hospitalini kutafuta wagonjwa wanaoweza kusimama. Hapo ndipo ustadi ulipo: hakuna hotuba inayotangaza usaliti, kuna nidhamu na fahari ya fundi tu, na kila hatua, ikitazamwa peke yake, ina busara yake. Filamu hafifu humpa msaliti tamaa au woga, ikamaliza kazi. Adui naye hupimwa vivyo hivyo, kwani Saito, mkuu wa kambi, anapomkubalia Nicholson hujificha nyuma ya sikukuu ya ushindi wa 1905 dhidi ya Urusi, kisha hulia peke yake. Sehemu ya makomando wanaotumwa kulilipua daraja, pamoja na wasichana wabeba mizigo, ni nyepesi, na inaelekea iliwekwa kwa ajili ya soko.

Mkazi wa Dubai aliyezoea filamu za zamani katika kumbi kama Cinema Akil, iliyoko Alserkal Avenue tangu 2018, ana sababu ya kuongeza kipimo kingine, yaani iwapo filamu inawahesabu waliojenga, kwa maana katika jiji hilo wengi hujenga wasichokimiliki, na fahari ya kazi iliyo mali ya mwingine si ngeni kwao, ingawa wao si mateka. Reli halisi ya Siam na Burma, ambayo daraja la filamu ni sehemu yake, yenye urefu wa kilomita 415, iliua mateka zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia, Watamili wa Malaya wakiwemo, walikufa kwa makumi ya maelfu. Filamu karibu iwasahau kabisa, na kasoro hiyo, hata mbele ya uigizaji wa Guinness, haina budi kuhesabiwa.