Frodo Alishindwa: Wasomaji, Hukumu na Ombi la Tano

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya niliwakuta vijana sita wamebaki kanisani wakibishana kwa sauti. Nilidhani ni habari za mpira. Nilipokaribia nikasikia majina mengine kabisa: Frodo, Sam, Gollum. Binti mmoja, ambaye alikuwa amesoma kitabu na siyo kutazama filamu tu, alikuwa amesimama kama mwendesha mashtaka. Aliponiona akasema, "Baba Mchungaji, tuamulie. Mtu amepewa kazi moja tu, akaitupe pete motoni. Anafika pale pale penye moto, anakataa. Halafu anaheshimiwa kama mshindi. Hiyo ni haki kweli?"

Nilicheka, kwa sababu swali hilo ni la zamani kwangu. Nilikutana nalo nikiwa chuo cha theolojia, nilipoazima vitabu hivyo maktaba na kuvisoma usiku wakati nilipaswa kujiandaa kwa mtihani wa Kigiriki. Jioni ile sikuwajibu vijana wale ipasavyo. Niliwaambia wafunge madirisha, muda umekwenda. Insha hii ndiyo jibu langu.

Kwa wapendwa ambao hawajasoma, habari kwa ufupi ni hii. The Lord of the Rings ni riwaya ndefu ya J.R.R. Tolkien, profesa wa lugha wa Oxford, Mkristo Mkatoliki, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Ilitoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Inasimulia juu ya ulimwengu wa kufikirika ambamo mtawala mwovu, Sauron, ametengeneza Pete yenye nguvu ya kutawala wote. Pete hiyo haiwezi kutumiwa kwa wema, maana humharibu kila anayeitamani. Njia pekee ni kuirudisha katika mlima wa moto ilikofuliwa na kuitupa humo. Kazi hiyo anapewa Frodo, mmoja wa mahobiti, watu wafupi wapenda shamba na chakula, asiye na cheo wala nguvu. Anafuatana na mtunza bustani wake, Sam. Nyuma yao ananyemelea Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete hiyo miaka mingi, ikamla roho mpaka akabaki mifupa na tamaa.

Ndipo linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hawakulitarajia. Baada ya safari ya mamia ya kurasa, njaa, majeraha na kiu, Frodo anafika ukingoni mwa moto. Hapo anatangaza kwamba hataitupa. Pete ni yake. Anaivaa kidoleni. Gollum anamrukia, anamng'ata kidole na kukikata pamoja na Pete, anashangilia, anapiga hatua moja zaidi ya ilivyofaa, anatumbukia. Pete inaangamia, na ulimwengu unapona. Lakini haukuponywa na mkono wa yule aliyetumwa.

Mashabiki wa kitabu hiki wamegawanyika katika makundi, na nimeyasikia yote kwenye mabenchi ya kwaya. Kundi la kwanza linasema Frodo ni msaliti. La pili linasema shujaa wa kweli ni Sam, maana ndiye aliyembeba bwana wake mgongoni kuupanda mlima. La tatu linasema mwandishi alikwama, akamtelezesha Gollum ili amalize hadithi. Na wapo wanaobaki kuuliza mbona wale tai wakubwa hawakuwabeba tangu mwanzo, lakini hao tuwaachie wapumzike.

Kundi la kwanza lilianza mapema. Muda mfupi baada ya juzuu ya mwisho kutoka, Tolkien alipokea barua kali kutoka kwa msomaji aliyedai kwamba Frodo alistahili kuuawa kama msaliti, siyo kuheshimiwa. Barua za Tolkien zilichapishwa mwaka 1981, na humo tunaona jinsi alivyowajibu wasomaji wake juu ya jambo hili. Hakumtetea Frodo kwa kusema kwamba alishinda. Alikubali wazi kwamba Frodo alishindwa. Alisema nguvu ya uovu, ikifikia kilele chake, hakuna kiumbe mwenye mwili awezaye kuipinga mpaka mwisho kwa nguvu zake, hata awe mwema namna gani. Mwaka 1963, akiandika tena juu ya jambo hilo, alieleza kwamba haoni kushindwa huko kuwa kosa la kimaadili: Frodo alitumia kila alichokuwa nacho, akaifikisha Pete mahali ambapo ingeweza kuangamizwa, na hapo nguvu zake zikaisha.

Basi Pete iliangamizwa na nini? Hapa ndipo kundi la tatu linakosea, na hapa ndipo ninapokihesabu kitabu hiki kuwa kazi kubwa. Kuteleza kwa Gollum hakukutoka hewani. Ukirudi nyuma utaona kwamba Gollum alipaswa kuwa amekufa zamani. Bilbo, jamaa yake Frodo, alikuwa na nafasi ya kumchoma upanga gizani, akamwonea huruma. Frodo mwenyewe mwanzoni alisikitika kwamba Bilbo hakumwua, na mzee Gandalf akamwonya asiwe mwepesi wa kugawa hukumu ya kifo. Baadaye Frodo alimshika Gollum kwa macho yake, akamhurumia naye, akamwacha hai. Mwisho kabisa, juu ya mlima, hata Sam aliyemchukia alikuwa na upanga juu yake akashindwa kuuteremsha, kwa sababu yeye pia alikuwa ameibeba Pete kwa muda mfupi na alijua uzito wake. Huruma mara tatu. Kama mmojawapo angetenda "haki" siku yake, pale kwenye moto pasingekuwa na Gollum, na Frodo angebaki na Pete kidoleni.

Filamu ya mwaka 2003 iliyoongozwa na Peter Jackson ilibadilisha jambo hili. Ndani yake Frodo anainuka, anapigana na Gollum, wote wawili wanaanguka ukingoni. Naelewa kwa nini. Watazamaji hutaka shujaa afanye kitu. Lakini mabadiliko hayo madogo yanaondoa moyo wa kitabu. Katika kitabu hakuna anayemsukuma Gollum. Frodo ameanguka magotini, hana tena la kufanya. Kilichobaki kufanya kazi ni rehema iliyotolewa zamani, na watu ambao hawakujua itakuja kufaa nini.

Sisi Walutheri tusome hapo polepole. Tangu kipaimara tumefundishwa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 maana ya ombi la tano na la sita katika Sala ya Bwana: kuomba msamaha huku tukisamehe, na kuomba Mungu atulinde majaribuni. Tolkien mwenyewe aliyataja maombi hayo alipoeleza mwisho wa hadithi yake. Alikumbusha kwamba hakuna maana ya kuomba tulindwe na jambo lisiloweza kutokea. Tunaomba kwa sababu twaweza kuanguka, hata kwenye hatua ya mwisho. Luther alibishana na Erasmus mwaka 1525 juu ya utumwa wa nia ya mwanadamu, na sijui hadithi ya kubuni inayoonyesha utumwa huo wazi kuliko mkono wa Frodo usioweza kufunguka.

Lakini mhakiki mwaminifu ataje na upungufu. Rehema ya kitabu hiki ni finyu mahali fulani. Maorki, wale askari wa Sauron, wanauawa kwa maelfu na hakuna anayeuliza kama naye orki aweza kuhurumiwa. Tolkien aliendelea kubadili mawazo juu ya asili yao maisha yake yote. Na watu wa kusini, wenye ngozi ya kahawia, karibu kila wanapotokea wako upande wa adui. Msomaji Mwafrika hawezi kupita hapo bila kusimama. Kuna ukurasa mmoja tu ambapo Sam anamwona mmoja wao ameanguka, akajiuliza jina lake nani, ametoka wapi, na kama kweli alikuwa mbaya moyoni au alidanganywa tu. Ni ukurasa mzuri sana, na uzuri wake unaonyesha kilichokosekana kwingine.

Sasa niwaambie kwa nini sikuweza kuwajibu vijana jioni ile.

Kuna mahali pengine katika kitabu hiki ambapo mashabiki hawapabishanii sana, nami siwezi kupasoma bila kufunga kitabu kwanza. Gollum amewaongoza Frodo na Sam mpaka kwenye ngazi za mlimani. Wamelala. Gollum anarudi kutoka kupanga njama ya kuwasaliti, anawatazama, na kwa dakika chache kitu kinalegea ndani yake. Anaonekana kama mzee aliyechoka. Ananyoosha mkono na kugusa goti la Frodo kwa upole. Wakati huo huo Sam anaamka, anamwona, anamsemea kwa ukali. Nafasi inapita. Gollum anarudi kuwa alivyokuwa, na njama inaendelea. Tolkien aliandika kwamba sehemu hiyo ilimhuzunisha kuliko nyingine. Sam ni mwema. Hakusema uongo. Alikuwa na sababu zote za kumshuku Gollum. Alisema tu neno la ukali saa ambayo si yake.

Katika usharika mmoja niliotumikia nikiwa mchungaji kijana, kulikuwa na mzee wa kanisa aliyetunza sadaka kwa miaka 17. Alibeba sanduku lile mvua na jua, na hesabu haikupungua shilingi. Kisha mke wake akaugua kwa muda mrefu, na fedha za mabati ya kanisa jipya zikapungua. Ilipojulikana, usharika uliwaka moto. Usiku mmoja alikuja mlangoni kwangu. Akasimama bila kuingia, akasema, "Baba Mchungaji, nina neno." Nami nikamjibu, "Leta kwanza fedha za watu, ndipo tuzungumze." Akasema, "Haya, baba," akaondoka. Alikuwa na umri wa kunizaa.

Baraza la wazee lilimweka chini ya nidhamu ya kanisa, na sikatai kwamba ilistahili. Mabati yalikuwa ya watu maskini, wajane waliouza kuku ili kuyachangia. Msamaha hauiti wizi kwa jina lingine, na mzee wetu hakuwa Frodo. Angeweza kutuambia mapema, tukamchangia dawa. Lakini hakuja tena. Ilipita miezi minane, akafariki kabla ya kurudi kundini. Nilisimama nyuma ya waombolezaji bila joho, nikasikia ndugu zake wakiimba wenyewe.

Nimewaza sana juu ya miaka ile 17. Hatukumpa mtu wa kuhesabu naye. Hatukumpumzisha. Tulisema tunamwamini, kumbe tulikuwa tunamtwika. Kila Jumapili tuliomba Mungu asituache majaribuni, tukatoka ibadani na kumwacha mtu mmoja peke yake na sanduku. Tangu wakati huo, kila usharika niliopewa, sadaka huhesabiwa na watu watatu na mtunza hazina hubadilishwa. Nililipata somo hilo kwa gharama ya mtu.

Kwa hiyo, binti yangu uliyeniuliza, na ninyi wenzake, jibu langu ni hili. Uko sahihi, Frodo alishindwa, na kitabu hakifichi. Angalia anarudije nyumbani: hana kidole, jeraha lake linamrudia kila mwaka tarehe ile ile, watu wa kijijini hawamjui alichokipitia, mwisho anapanda merikebu na kuondoka kwa sababu hapati kupona pale. Mwandishi hakumpa ushindi wa bei rahisi. Alimheshimu kwa kubeba mpaka pale alipoweza. Na muda mfupi baada ya Pete kuangamia Frodo anazungumza juu ya Gollum, kwamba bila yeye kazi isingetimia, na kwamba wamsamehe.

Mlipobishana jioni ile, kila mmoja alitafuta nani anastahili nini. Nami ningependa mkisome tena mkitafuta jambo lingine: nani alimhurumia nani, lini, na kabla ya kujua matokeo. Mtaona hadithi yote inasimama juu ya hapo.

Na wewe mpendwa msomaji ambaye huna haja na hadithi za mahobiti, huenda katika usharika wako yupo aliyetumika miaka mingi akaanguka karibu na mwisho. Jina lake unalijua. Nidhamu ya kanisa ifanye kazi yake kwa utaratibu. Lakini akija mlangoni usiku akasema ana neno, mkaribishe aketi, umsikilize. Na kama bado hajaja, mwendee wewe kabla ya Jumapili.